Dawa Ilipoanza Kushika

Kila saa ya kuwaona wagonjwa, mke wa fundi bomba alimkuta mumewe amegeukia ukuta. Wodi aliyolazwa ilikuwa ya wasiopona tena, na maumivu yalitulizwa vizuri tu, hilo hatubishi. Lakini fundi, mtu wa utani ambaye hakuwahi kukaza koki bila kumchokoza mwenye nyumba, aliacha kuongea, akaacha hata kumtazama mkewe. Mke akamwomba daktari dawa ya sonona. Daktari akamwambia huzuni kwa mtu anayekufa ni kawaida. Akaomba tena na tena, mpaka mate yakamkauka. Daktari alipokubali, ili tu apumue, alionya kwamba vidonge hivyo huchukua wiki kadhaa kushika. Fundi hakuwa na wiki kadhaa. Alikufa bila kumwambia mkewe hata kwaheri.

Dawa ilianza kushika baada ya mazishi. Fundi akarudi wodini, akakaa ukingoni mwa kitanda chake, ambacho sasa kilikuwa cha mwalimu mstaafu. Akamtania nesi, akaziba bomba la sinki lililokuwa likivuja miaka yote, akamuulizia mkewe. Mke akaitwa, akamkuta anacheka.

"Umependeza, mama watoto."

"Sasa ndiyo unaniona?" Mke akang'aka. "Maneno hayo niliyataka ukiwa hai, baba."

Daktari alimpima fundi mapigo, hakuyapata, akafurahishwa na maendeleo yake. Akaagiza dozi iendelee.

Mwalimu wakati huo alikuwa amejifunika shuka gubigubi, hasemi hata na binti yake aliyeketi pembeni. Mke wa fundi akamsihi daktari amwanzishie huyu dawa leo hii, angali anasikia.

"Huyu anakufa, mama," daktari akasema kwa upole. "Lazima ahuzunike. Tusubiri kwanza."

Yaani mtu anasema hivyo na mfano wenyewe umekaa hapo kitandani, unachezesha miguu!

Fundi akajitolea kumpa mwalimu kidonge chake. Nesi akakataa, kwani dawa ya mgonjwa mmoja hapewi mwingine, ndio utaratibu. Akamsimamia marehemu mpaka akameza. Daktari akahamia kitanda cha pili.

"Yeye alianza kuongea lini?" binti wa mwalimu akauliza.

"Tulipokwisha kumzika," mke wa fundi akajibu.