Nchi ya Bwana Inasemekana

Nakutegea wewe unayesoma, na ujitahidi: nyumba yangu ina maneno elfu tatu, ina milango kila upande, ukipiga hodi haitiki mtu. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni insha ya mjukuu wangu Mwantumu, ilipotoka mikononi mwa mwalimu wake wa kukodi.

Siku ile ilinichosha kuliko kukanyaga udongo. Mwantumu anasoma chuo cha ng'ambo, na insha yake juu yetu sisi wanawake wafinyanzi ilikuwa imesharudishwa mara moja. Ikirudishwa tena, masomo ndiyo basi. Alikuja nayo likizo, akamtafuta Mwalimu Semboja amfundishe kuandika Kiingereza cha wasomi. Tangu asubuhi nawasikia barazani. Kila mara mtoto alipoandika kwamba ameona, mwalimu anafuta, anaweka inasemekana. Eti macho yake si ushahidi, mikono yake si ushahidi, atafute mtu aliyechapwa kitabuni. Mtoto huyu kafinyanga na mimi tangu ana miaka saba! Sentensi iliyokuwa ikitembea vizuri pekupeku akaivalisha viatu vya kuazima, ikawa inachechemea. Nilikula mchana bila hamu, nikajinyoosha mkekani, usingizi ukanibeba.

Nikajikuta katika nchi ya karatasi, vilima vyake vya karatasi, mito yake ya wino mwepesi kama mchuzi wa mtu mchoyo. Mfalme wa huko ni Bwana Inasemekana. Amevaa makoti matatu, moja juu ya jingine, na pale penye uso hana uso, ana vidole tu, vyote vinamwonyesha jirani. Ukimuuliza jina lake atakutajia watu sita waliowahi kulisikia. Mkewe, Bibi Madoido, ana maneno marefu kiasi kwamba akiomba chumvi, chakula kinapoa hajafika kwenye chumvi yenyewe. Na watu wazima wamepiga magoti mbele yao wanaandika! Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Akanijia mwanamke amekunja mikono ya gauni, miguu ina vumbi, akaniambia anaitwa Bi Bayana. "Cheka taratibu, dada yangu," akasema. "Hawa hawana jiko. Wanakula wanacholetewa." Akanionyesha lango, na hapo foleni ya vijana, kila mmoja anatoa macho yake anayaweka kwenye sinia ndipo aruhusiwe kuingia. Wa tatu alikuwa Mwantumu wangu. Nikamwita, hakusikia. Nikamsihi Bi Bayana amtoe upesi, zamu yake inafika. Akanijibu kwamba atakayemtoa ni yule aliyemleta, nitazame ni nani kamshika mkono.

Nilijua nitamwona Semboja, na matusi nilishayaandaa. La. Alikuwa mama mmoja mnene, mpole, anatabasamu, amejifunga kanga yangu mimi. Nikauliza ni nani.

"Huyo ni Bi Sijui, wa nyumbani kwako," Bi Bayana akasema. "Mjukuu wako alikuuliza kwa nini mnatwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, mnavichanganya kwenye udongo mpya. Ulimjibu nini?"

Nikakumbuka. Nilimwambia mtoto mimi ni wa darasa la saba, akawaulize wenye vitabu. Naye akaenda kweli, akakuta kitabu kinachosema tunafanya hivyo kutuliza mizimu ya vyungu.

"Dharau yote umempakulia mwalimu," akasema Bi Bayana. "Hukujibakizia hata kijiko."

Niliamka shingo imelowa jasho. Barazani Semboja alikuwa anasoma kwa sauti sentensi hiyohiyo ya mizimu, anaisifu jinsi ilivyosimama kisomi, na Mwantumu anaitikia ndiyo, ndiyo, ameinamisha kichwa. Ndipo nilipoelewa. Ile nyumba ya maneno haikuwa na mtu kwa sababu mimi niliyetakiwa kuingia nilikataa, nikabaki nje nawacheka waliomo.

Nikatoka. Mwalimu akaniomba radhi, mama, tupo kwenye sehemu muhimu, ya ushahidi. Nikamwambia asogee, ushahidi umeamka. Nikakaa kati yao.

"Mke mwenzangu," nikamwambia Mwantumu, "futa hiyo mizimu. Hakuna mzimu wa chungu."

Akamtazama mwalimu, akanitazama mimi. Akafuta.

"Udongo mtupu ukiingia motoni unajibana, mvuke unakosa pa kutokea, chungu kinapasuka. Kigae kilishaungua zamani, hakijibani tena. Kikiwa ndani kinaushika udongo mpya na kuuachia mvuke njia. Hilo sikuambiwa na mtu, nilipasua vyungu arobaini na viwili ndipo nikalijua. Andika hivyo, na useme ni mimi niliyesema."