Kidole cha Mzee Yassine

Watu wa Kasongo walimwita Safia profesa wa tochi, wala hawakukosea sana. Kwa miaka mingi, katika maabara ya chuo kikuu huko Ubelgiji, alikuwa akitafiti leza, ule mwanga mwembamba unaokwenda moja kwa moja bila kutawanyika. Kazi yenyewe ni subira tupu: kukaa gizani, kungoja alama ndogo ya mwanga, na kuandika ulichoona, si unachotamani kuona. Mwaka mmoja mkuu wa maabara alidai alama imeonekana, na wenzake wote wakaitikia. Safia peke yake alisema hajaona kitu. Alinuniwa msimu mzima, lakini kipimo kiliporudiwa, kweli hakikuwepo kitu.

Kumpinga mkubwa wa kazi ni rahisi. Kumpinga baba ni habari nyingine kabisa.

Alikuja likizo Ramadhani ikielekea ukingoni. Jioni ya kwanza tu, wakati wa kufuturu, alimwona baba yake, Mzee Yassine, akimimina chai nje ya kikombe. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alipotaja daktari, mzee alifoka, na mama akamkonyeza anyamaze, maana Mzee Yassine ndiye aliyekuwa jicho la mtaa. Tangu ujana wake, mwezi wa Idi ulionekana kwa kidole chake. Akionyesha, wote huona. Nani angekosa adabu kiasi cha kutoona?

Jioni ya siku ya ishirini na tisa walikusanyika nyuma ya msikiti. Mbuzi walikwishanunuliwa, watoto waliulizia nguo mpya, matumbo yamechoka. Mzee akainua kidole.

"Iko pale! Munaona?"

"Tunaona, Mzee!" wakaitikia, hata waliokuwa wakitazama kwingine.

Safia akakifuata kidole. Palikuwa na ukingo wa wingu tu, bado unang'aa kwa jua lililozama. Akisema, atamvua baba yake nguo mbele ya watu. Akinyamaza, mtaa mzima utakula mchana wa saumu, na lawama mbele ya Mungu itakuwa ya mzee.

Mzee akageukia upande wake. "Na weye, profesa? Unaona?"

"Hapana, Baba," alisema. "Ile ni wingu. Miye sioni mwezi."

Minong'ono ikapanda. Binti gani huyu! Imamu Assumani akakohoa, akamgeukia mzee. Kidole cha mzee kilibaki juu kwa muda, kisha kikashuka.

"Kesho tunafunga," mzee alisema. "Mutoto amesema kweli. Miye sioni tena. Niliogopa kuwaambia."

Akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akalipata bega la Safia, akalishika.

"Mama yako anasema umekonda," alimwambia taratibu. "Ni kweli?"