Malazi ya Wageni, Avenue Jacaranda

Agnès Mushiya alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya darasa anamofundisha kemia, akaisogeza simu karibu na mdomo. Alikuwa akirekodi ujumbe kwa kundi la WhatsApp la wenzake waliosoma naye jiolojia chuo kikuu kule Lubumbashi. Baada ya miaka ishirini walikuwa wamekubaliana kukutana, na zamu ya kupokea wageni ilikuwa imeangukia Kolwezi. Malori ya madini yalikuwa yakipita barabarani, na kila yalipopita alifuta aliyosema akaanza upya.

"Bandugu, muko bazima? Ni mi Agnès. Juu ya fasi ya kulala: ma hôtel yote ya Kolwezi imejaa, bageni ba mines bamekamata byumba byote. Tutalala kwetu, avenue Jacaranda. Bitanda biko, mayi iko, courant iko. Mukuye siku ya posho, kisha kula ya midi, mbele ya pale nyumba haiko. Na siku ya Mungu, misa ikiisha, kila muntu akuwe ameshatoka. Ingine: musimwange mayi ku mulango ya nyuma. Chini kule kuko ba chauffeur."

Siku ya posho ni Jumamosi. Watu wa Kolwezi wanaiita hivyo tangu enzi ambapo wafanyakazi wa migodi walipewa unga na samaki siku hiyo. Kwao courant ni umeme, midi ni adhuhuri, na mbele ni kabla.

Majibu yalikuja jioni. Jocelyne, aliyehamia Kinshasa, aliuliza kama alete chandarua. Tshimanga aliuliza kama gari la chini litafika. Agnès akamjibu kwamba barabara inarudi pamoja na nyumba, lami na mashimo yake, ila apite taratibu pale mwanzoni kwa sababu ukingo umeachana kidogo na ardhi. René Kabemba aliuliza jambo moja tu.

"Mama Ngoyi atakuwako?"

"Atakuwako," Agnès aliandika.

Avenue Jacaranda ilibomolewa ili kampuni ipanue shimo lake la shaba na kobalti. Matingatinga yalianza na nyumba za kona, yakamaliza na ile ya akina Mushiya, ambayo baba yake Agnès, mtu wa asili ya Kasai, aliipata baada ya maisha mazima ya kazi katika karakana ya treni za mgodi. Wenyeji walipelekwa kwenye uwanja mkavu nje ya mji, upande wa njia ya Mutshatsha, wakapewa vyumba vya mabati visivyo na dari. Maji yalikuwa mbali. Mama Ngoyi, mama yake Agnès, alikaa humo msimu mmoja wa joto na nusu ya msimu wa mvua, akaugua tumbo, akafa.

Jumamosi baada ya maziko, avenue ilirudi, na tangu siku hiyo inakuja kila Jumamosi mchana na kuondoka Jumapili misa inapoisha. Nyumba zilisimama mahali pake palepale, zikiwa zimepangwa pande mbili za barabara juu ya shimo, bila kitu chini yake. Mama Ngoyi alikuwa jikoni. Walirudi pia wazee wengine waliofia kwenye mabati, na mtoto wa jirani aliyegongwa na lori alipokwenda kuchota maji. Baba yake Agnès hakurudi. Yeye alikuwa amekufa zamani, kitandani mwake, wakati nyumba ingali yake.

Kampuni ilileta mabwana wawili wenye kofia ngumu. Walizunguka, wakapiga picha, wakaenda zao. Tangu hapo, Jumamosi na Jumapili asubuhi, mashine zilichimba upande wa pili wa shimo, na madereva waliopita chini ya avenue walifunga vioo.

Hoteli zilikuwa zimejaa kweli, lakini Agnès alikuwa na sababu nyingine ya kuwalaza wageni kwao, nayo ilikuwa René. René alizaliwa Musumba. Wakati wa masomo, likizo zilipofika, njia ya kwenda kwao ilikuwa mbaya na ndefu, basi alikuja Kolwezi na Agnès. Alikula kwa Mama Ngoyi, alilala katika chumba cha nyuma, alifuliwa mashati. Sasa ndiye aliyeshughulika na mambo ya wananchi katika kampuni ya lile shimo. Kabla ya matingatinga kufika, yeye ndiye aliyepita avenue nzima kuzikagua nyumba. Katika ripoti yake kila nyumba iliitwa baraque, kibanda, na kwa kibanda kampuni inatoa chumba cha mabati. Kwa nyumba ya tofali inatoa nyumba ya tofali.

Agnès hakutaka ugomvi. Alitaka René aiingie tena ile nyumba, aione, aseme.

Wageni walifika mchana, vumbi likiwa limewashika mpaka kope. Jocelyne alivua viatu vya kisigino, akatembea barabarani kwa miguu mitupu akikanyaga lami kwa uangalifu. Tshimanga aliinama ukingoni, akatazama chini, akasema tabaka za mwamba zinaonekana vizuri kuliko kwenye kitabu chochote walichosomea. Wengine wakaja kutazama. Walionyeshana kwa vidole madini ya kijani na meusi, wakabishana kidogo kuhusu umri wa mwamba, kisha njaa ikawaingiza ndani.

Mama Ngoyi alikuwa amepika bukari, ugali wa kwao, na matamba, majani ya muhogo yenye karanga, na samaki wa kukaanga. Alimshika René uso kwa mikono yote miwili.

"Mutoto wangu. Unanenepa."

"Kazi, mama."

"Kazi inanenepesha muntu? Basi ni kazi muzuri. Ikala. Mi nilikuwekea kichwa ya samaki, unaipenda."

René alikula kichwa cha samaki. Alikula vizuri, akinyonya mifupa kama zamani, akaomba aongezewe matamba. Aliwachekesha kwa hadithi ya profesa aliyesinzia katika mtihani wa mdomo akiwa ameshika jiwe. Mama Ngoyi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Alipoulizwa habari za kule aliko alisema si kubaya, ila makaburi ya upande wa Mutshatsha yako mbali na kila mtu, na udongo wake ni wa changarawe.

"Kufa ni kufa," alisema. "Lakini mi nilitaka kufa hapa."

Wote walitikisa kichwa. Jocelyne alisema pole, mama, akamsaidia kukusanya sahani.

Asubuhi, wengine walipokuwa wakioga na kupanga mabegi, Agnès alimkuta René barazani akipiga mswaki. Alikuwa karibu kutema povu upande wa nyuma, akakumbuka, akatemea kwenye kopo.

"Ulilala muzuri?"

"Sana. Ile chumba iko na baridi muzuri. Kwangu, bila climatiseur silale."

"Ni sababu ya ukuta," Agnès alisema. "Gonga."

René aliutazama ukuta. Aligonga kwa vidole, kisha kwa ngumi. Alipitisha kiganja juu ya plasta, akafuata nyufa kwa kucha kama mtu wa fani yake.

"Tofali ya kuchoma," alisema. "Na ciment ya zamani. Leo hawajengi tena hivi."

"Sasa kwa nini uliandika baraque?"

René alisuuza kinywa.

"Agnès, ilikuwa mwezi yangu ya kwanza mu ile kazi. Baliniambia, ile avenue yote ni baraque. Bilikuwa bimeandikwa mbele mi nifike. Ningefanya nini? Niko na batoto."

"Na mi niko na mama."

Ndani, Mama Ngoyi alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, akikosea maneno palepale alipoyakosea siku zote.

"Siombi urudishe nyumba," Agnès alisema. "Kuko réunion na kampuni ku salle ya paroisse. Bantu ba avenue bote batakuwako. Simama tu, useme ile uliona. Kama nyumba ni ya tofali, kama ulilala mule, kama iko na mayi na courant. Hiyo tu. Ukisema weye, dossier itafunguliwa."

René alimtazama usoni. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, labda kwa vumbi.

"Nitasema."

"Kweli?"

"Agnès, nilikula kwa ile meza. Nitasema yote."

Alimshika bega, naye Agnès akamwamini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu maziko kusikia kifua chake kimefunguka, na kwa sababu hiyo alichelewa kuondoa mashuka, hata Mama Ngoyi akaja kumhimiza. Walipiga picha mbele ya nyumba, wote wamekumbatiana, mama katikati. Kengele ya kanisa iliposikika kutoka mjini walikuwa tayari upande wa ardhi. Avenue iliondoka bila sauti. Katika picha nyumba ilionekana vizuri, na Mama Ngoyi pia, ila alikuwa amefumba macho.

Kikao cha parokia kilikuja wiki chache baadaye. Watu wa avenue Jacaranda walijaza mabenchi. Wanawake walikuwa wamevaa vitenge vyao vya sikukuu, kwa sababu Agnès alikuwa amepita kwenye mabati akiwaambia kwamba safari hii kuna mtu wa ndani atakayesema ukweli. Mbele walikaa watu wa kampuni na mwanasheria wao, Maître Mathieu, kijana mpole mwenye suti ya kijivu.

René alisimama, akafungua kifungo cha koti.

"Ba mama na ba tata," alisema, "mi mwenyewe nimelala mu avenue Jacaranda. Sikuambiwa na muntu. Niliona na macho yangu. Zile nyumba si baraque. Ni nyumba za tofali ya kuchoma, nguvu, muzuri. Ziko na mayi. Ziko na courant. Bitanda biko. Nilikula mule, na nilipokelewa kama mutoto ya nyumba. Ile rapport ya zamani ilikosea, na mi njo niliiandika. Naomba samahani mbele yenu."

Watu walipiga makofi. Mzee mmoja alisimama akavua kofia. Agnès aligundua kwamba analia, akatafuta leso.

Maître Mathieu alingoja makofi yaishe. Alimshukuru Ingénieur Kabemba kwa ushuhuda wake wa wazi. Kampuni, alisema, inaupokea wote, na ripoti itasahihishwa leo hii. Imethibitishwa sasa, na mfanyakazi mwenye ujuzi aliyelala humo, kwamba nyumba za avenue Jacaranda ni imara, ziko mahali pake, zina maji na umeme, na wenyewe wanaendelea kuzitumia hata kupokea wageni. Kwa hiyo hakuna nyumba iliyopotea. Na pasipo na nyumba iliyopotea, hakuna nyumba ya kulipa. Vyumba vya mabati vilitolewa kwa makosa, lakini kampuni, kwa huruma, haitavidai.

Mzee alivaa kofia yake. Mwanamke mmoja aliuliza kama basi maji yataletwa kule kwenye mabati, akaambiwa maji yako avenue Jacaranda.

Agnès alimngoja René mlangoni.

"Nilisema," René alisema. "Uliniomba niseme na nilisema. Kila kintu."

"Ni kweli," alijibu Agnès. "Ulisema kila kintu."

René alitaka kumshika bega, akaacha, akaenda kwenye gari.

Kwa kuwa avenue ilikuwa imetambuliwa kuwa ipo, na ipo ndani ya mipaka ya mgodi, kampuni iliweka kizuizi mwanzoni mwake. Kijana wa ulinzi aliyeitwa Ariel alikaa hapo na redio. Alikuwa na adabu. Alimweleza Agnès kwamba hamzuii mtu, ni usalama tu, kila anayeingia eneo la kazi lazima avae. Akampa fulana ya rangi ya chungwa, na kofia ngumu nyeupe iliyoandikwa mbele kwa herufi kubwa: VISITEUR, yaani mgeni.

Agnès alivivaa, akatembea hadi kwao.

Mama Ngoyi alikuwa akisonga bukari. Aligeuka na mwiko mkononi, akamtazama binti yake toka juu mpaka chini.

"Na ule René, hakukuya?"

"Hapana, mama. Eko na kazi."

"Nilimuwekea kichwa ya samaki." Aliweka sahani mezani, akanyoosha mkono. "Toa ile kintu ku kichwa. Hatukule na kofia mu nyumba."

"Bananikataza, mama. Nikiitoa, posho ingine hawataniacha niingie."

Dirishani alionekana Ariel amesimama barabarani, akitazama upande mwingine kwa heshima. Mama Ngoyi alivuta kiti karibu, akaifunga vizuri kamba ya kofia chini ya kidevu cha mwanawe ili isidondoke kwenye chakula, akamkatia tonge la kwanza.