Sauti ya Florentine

Katika zahanati ya Mangobo, daktari alimuuliza Florentine wapi panauma. Florentine alinyoosha kidole tumboni, kisha mgongoni, kisha akaushusha mkono.

"Mama hana sauti, docteur," alisema binti yake, Agathe. "Sauti yake iko Ulaya, kwa mupiga piano mumoja. Jumamosi huyo atapiga Berlin, pengine mama atasema."

Daktari akasema basi, wangoje Jumamosi.

Sauti ilikuwa kwa Anselm Reuter, mpiga piano. Alipokuwa kijana asiyejulikana, alipiga kinanda katika baa moja ya Kisangani, Florentine akiimba. Alipoondoka, sauti iliondoka naye. Florentine akabaki bubu, na kuandika hakuwahi kufundishwa. Huko Ulaya Anselm alitupa karatasi za noti za muziki, akawa anapiga chochote kinachomjia, na kutoka ndani ya piano mwanamke alizungumza. Wakosoaji waliiita mbinu mpya. Alipata tuzo, akatoa santuri nyingi, na kumbi zilijaa watu waliokuja kumsikia Florentine akilalamika kwamba chumvi imeisha.

Jumamosi hiyo, onyesho likisikika kwenye simu, sauti ilisema tu kwamba mbuzi wa jirani ameingia kwenye mihogo, anakula sombe. Agathe akamwandikia Anselm kwenye simu, asubuhi na jioni, akimsihi aje.

Alikuja, nywele zimekuwa nyeupe. Kinanda cha parokia kililetwa kwa mkokoteni, kikawekwa kando ya kitanda. Alipiga, na sauti ikasema taratibu:

"Ni hapa, chini ya mbavu, kushoto. Toka Pasaka. Na huyu mutu anirudishie sauti. Sitaki kufa mbali na batoto yangu."

Daktari akaandika: mbavu, kushoto.

"Papa Anselm, umesikia," Agathe alisema. "Umuachilie."

Anselm alikuwa analia. "Niko najaribu. Lakini bila yeye, miye niko mutu wa kugonga vibao tu."

"Na yeye bila sauti, iko nani?"

Anselm akafunika kinanda. Alikuwa na onyesho Lisbon, na ndege haikungoja.

Dawa zilikuwa zimechelewa. Jumapili alasiri Agathe alifungua onyesho la Lisbon kwenye simu, akaiweka juu ya mto. Anselm alipiga vizuri kuliko siku zote.

"Agathe," ilisema piano. "Maji."

Agathe alimwinua mama kichwa, akamnywesha kwa kijiko.

"Aksanti. Sasa sikia, mwanangu—"

Ukumbi mzima wa Lisbon ulisimama ukapiga makofi. Midomo ya Florentine ilikuwa bado inacheza. Makofi yaliendelea muda mrefu, na yalipokwisha, midomo ilikuwa imetulia.