Mashine Arobaini Katika Ghala la Mbegu

Akiba huoza. Aliyesema haiozi hakuwahi kuweka mbegu ya maharagwe kijijini Kibua, chini ya kibaraza kinachovuja, msimu mzima wa mvua.

Wivine alikuwa ameweka. Yeye ndiye mtunza ghala wa ushirika, na kazi hiyo aliipata kwa sababu ya meno yake. Kila gunia lililoletwa alichomoa punje moja, akaitia kati ya magego, akauma. Punje kavu hulia ikakatika. Yenye maji hubonyea ikashika alama ya jino. Iliyobonyea aliirudisha kwa mwenyewe, hata mwenyewe akiwa mama mkwe wake, na mama mkwe alikuwa amekwisha kununa mara mbili.

Ghala lenyewe wanakijiji walilijenga kwa salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi. Walibeba mawe kutoka mtoni, wakainua sakafu ya mbao juu ya udongo, wakaezeka mabati mapya. Hapakuwa na nyumba kavu kama hiyo Kibua nzima, kanisa likiwemo. Basi mwisho wa mwaka 2023, Kongo ilipopiga kura, lori lililokuwa likipeleka mashine za kupigia kura Masisi liliposhindwa kupita kwa sababu ya bunduki, lilishusha mzigo wake hapo. Masisi hawakupiga kura. Masanduku arobaini yakabaki Kibua.

"Wiki moja tu," alisema Barthélemy, ajenti wa ofisi ya uchaguzi.

Watu walikubali kwa moyo mweupe. Mgeni hulazwa pakavu, ndivyo walivyolelewa. Magunia ya mbegu waliyatoa wenyewe wakayapanga kibarazani.

Wiki ikawa mwaka, mwaka ukaingia wa pili. Ofisi iliajiri walinzi wawili. Ikaleta jenereta, kwa kuwa betri za mashine zisipochajiwa hufa, na kila mwezi pikipiki ilitoka ofisini Walikale na madumu ya mafuta. Jenereta ilinguruma kutwa ikilisha mashine ambazo hakuna kidole kilichozigusa. Nesi wa kituo cha afya alikuja kuchaji simu yake pembeni. Alisema maendeleo hajayaona, ila leo ameyasikia.

"Huyu mugeni," Mama Brigitte alisema, "hata jembe hashike."

Alikuwa na haki ya kusema. Msimu uliopita alipanda mashamba matatu kwa mbegu ya kibarazani, akavuna sufuria moja. Nyumba nyingi zilikuwa hivyo hivyo. Wivine alimwandikia ajenti barua tatu. Jibu lilikuja moja: kuhamisha mashine kunahitaji ruhusa ya Goma, na Goma inaingoja ya Kinshasa.

Mwaka huu mbegu ilipatikana kwa shida, nyingine imenunuliwa mbali. Ikakaushwa, ikachanganywa na majivu, ikarudi kibarazani kungoja kupandwa. Kisha mvua ikawahi, ikanyesha siku mbili bila kupumua. Siku ya tatu asubuhi Wivine alifungua gunia la ukingoni, akauma punje. Ikabonyea. Akafungua la pili. Punje yake ikabonyea pia. Yale ya katikati yalikuwa bado mazima, lakini kwa siku ngapi? Mbegu ile ikioza, hapakuwa na nyingine ya kununua, wala cha kununulia.

Hakuenda kwa mtu kuomba ushauri. Aliwaita wenye magunia.

"Kila mwenye gunia hapa kibarazani, achukue sanduku moja kwake. Aweke pakavu. Nani hana pakavu?"

"Miye niko na pakavu pa kulala tu," alisema Darius.

"Njo hapo sanduku itakaa. Weye utalala pembeni."

Walicheka, wakabeba. Mlinzi mmoja, Raphaël, alisimama mlangoni akikuna kichwa.

"Sasa siye tutalinda nini, Mama Wivine?"

"Linda kijiji. Hakijawahi kupata mulinzi."

Raphaël naye alikuwa na gunia. Alifikiri kidogo, akabeba sanduku lake. Papa Kasika, chifu, alipita njiani, akatazama safu ya watu wenye masanduku vichwani, akasema leo macho yanamuuma sana, akaendelea na safari yake. Saa sita mchana mbegu ilikuwa juu ya mbao, na orodha ya nyumba arobaini imebandikwa mlangoni.

Barthélemy alifika baada ya siku nne, tope mpaka magotini. Akafungua ghala, akakutana na harufu ya maharagwe na majivu.

"Mashine iko wapi?"

"Ziko kwa wapiga kura," alisema Wivine.

Wakazunguka pamoja nyumba kwa nyumba, chifu nyuma yao. Moja ilikuwa imefungwa kwa kitenge cha harusi. Kwa Mama Brigitte, Bikira Maria alisimama juu ya sanduku na shada la maua. Kwa Darius ilikuwa kitandani, na mkeka wa Darius chini. Ajenti alihesabu mpaka arobaini. Hakuna iliyopotea, hakuna iliyolowa. Jasho likamkauka.

Walikaa kwa chifu. Barthélemy hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mkubwa juu yake.

"Mama Wivine, unajua serikali inatumia nguvu gani kuzitunza? Walinzi, mafuta, safari zangu?"

"Najua. Kila kikapu changu kikipita kwa barrière ya ushuru, nachangia. Lakini mbegu ya Mama Brigitte yenye ilioza, uliiandika kwenye ripoti gani?"

Barthélemy alifungua mkoba wake. Alitoa karatasi nyeupe, akaweka kalamu juu yake.

"Nisaidie. Mistari mitatu tu. Uombe samahani, useme zitarudi ghalani wiki hii na haitatokea tena. Nitaibeba, maneno itaisha. Bila hiyo watakuita Walikale, na ufunguo watampa mwingine."

Wivine aliisogeza karatasi mpaka ikarudi mbele ya ajenti.

"Mbegu itatoka siku ya kupanda. Kabla ya hapo haitoki."

"Mwanangu," chifu alisema taratibu, "samahani iko neno dogo. Halimuumizi mutu."

"Papa Kasika, iko neno la mwenye kukosa."

"Basi niandike nini?" aliuliza Barthélemy, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kweli.

"Andika nilizitoa miye, mchana, mbele ya watu. Walikale wakiniita nitaenda. Samahani siombi."