Diwani Agoma Kula

Paka wetu Diwani amezeeka: jicho moja lina ukungu, meno yanahesabika. Alipogoma kula tangu Jumapili, mume wangu Pastory alimwita daktari wa mifugo, kijana wa Mwanza aliyehamishiwa hapa Ujiji, aje amchome sindano ya kumpumzisha milele.

"Mama, akikataa chakula hivi, ameshaaga," daktari alisema, akifungua mkoba.

Niliinama nikanusa sahani ya paka. "Pastory! Hawa dagaa umenunua wapi?"

Akakuna kisogo. "Sokoni Mwanga. Ni wa Mwanza. Wa kwetu wameadimika."

"Wana ubaya gani?" daktari akanuna.

"Mchanga," nikasema.

Nikafungua ndoo ninamofichia dagaa wangu wa Kibirizi, wa ziwa letu, nikachota kiganja. Diwani akainuka akiyumba, akala, akanilamba vidole, kisha akamngurumia daktari.

"Basi nirudi lini?" daktari aliuliza, akifunga mkoba kwa hasira.

"Siku utakaposikia amekula dagaa wa kwenu. Hapo nitajua akili imemtoka, na mimi mwenyewe nitamshika umchome."