Ukelele wa Saa Nne Usiku

Embla Sundvall alikuwa bingwa wa kutulia, na chuo kizima kilimjua kwa hilo. Kila muhula ulipoanza, yeye ndiye aliyepandishwa jukwaani kuwafundisha wanafunzi wapya namna ya kuishi na msongo wa mawazo bila kurukwa na akili. Alisema nao kwa sauti laini mpaka wengine wakasinzia. Laleni vya kutosha, aliwaambia. Tembeeni msituni. Kuleni chakula cha kueleweka. Na mtu akilemewa, amtafute mwenzake mmoja amwambie. Watu walipiga makofi, naye akashuka jukwaani, akaenda kujifungia chooni mpaka moyo uache kumdunda.

Si kwamba aliwadanganya. Kila alilowahubiria wenzake alilifanya yeye mwenyewe, tena kwa kukunja uso na kukaza meno, kama mtu anayechimba kisima. Msituni alikwenda kila siku, ila masikioni kavaa visikilizio, anajisikiliza mwenyewe akisoma madokezo ya kemia ya dawa. Mazoezi ya kupumua aliyafanya mbio mbio ili awahi maktaba. Kulala alilala mapema, mkononi kavaa saa inayopima usingizi, na kila asubuhi saa ile ikampa alama zake: arobaini na moja kwa mia. Yaani mtu anafeli mpaka kulala!

Na kufeli kwenyewe ndiko kulikokuwa kunamla. Mtihani wa kemia ya dawa ulikuwa umemshinda mara mbili, na bila kuufaulu huo mwanafunzi wa famasia haendi kwenye mafunzo ya kazi, na asipokwenda huko cheti hakioni. Hapakuwa na mtu aliyejua. Kule kaskazini mwa Uswidi, karibu na Lycksele, mama yake aliyeitwa Marita alikuwa akihesabu kwamba mwanawe anahitimu mwezi Juni. Embla ndiye aliyemwambia hivyo. Mwezi Februari aliulizwa masomo yanakwendaje, akajibu vizuri tu, na tangu siku ile kila simu ikabidi iwe vizuri tu kuliko iliyopita.

Aliishi kwenye korido ya vyumba kumi na viwili vyenye jiko moja, katika mtaa wa mabweni uitwao Granliden. Majirani zake walikuwa watu wema sana. Hawakuulizana habari. Ukimkuta mwenzako kwenye ngazi ulisema hujambo na kuangalia viatu vyako, na ukisikia mtu analia chumbani mwake ulipita kwa kunyata usije ukamwaibisha. Kwa mapatano hayo korido iliishi kwa amani kubwa, kila mmoja na lake moyoni.

Saa nne usiku tu ndipo mambo yalipobadilika. Ilipogonga saa hiyo, madirisha yote ya Granliden yalifunguliwa, na watu waliokuwa hawajatamka neno kutwa nzima walitoa vichwa nje na kupiga ukelele. Jengo hili likipiga, jengo la pili linajibu, mpaka mbwa wa mji mzima wanabweka. Ni desturi ya siku nyingi, ya kutoa yale yaliyojaa kifuani. Baada ya dakika mbili madirisha yalifungwa, na kila mtu akarudi kwenye vitabu vyake na adabu zake. Embla alisifiwa kuwa na pafu kuliko wote. Alikuwa ameliweka hilo katika ratiba yake, baada ya kupiga mswaki.

Jumanne moja ya mwezi Mei matokeo ya mtihani yalitoka kwa mara ya tatu. Embla aliyasoma amesimama, akakaa, akayasoma tena. Usiku ule, saa nne ilipogonga na mbingu bado ina mwanga, kama ilivyo Uswidi kiangazi kikikaribia, alitoa kichwa dirishani kama kawaida. Ila safari hii ukelele ulitoka na maneno.

"Nimefeli mara ya taaatu! Sijui nitamwambia nini mamaaa!"

Jengo la ng'ambo lilishangilia.

"Hata miiimi!" mmoja akajibu.

"Mwambie hujambooo!" akadakia mwingine, na watu wakaangua kicheko, wakapiga miluzi, wakagonga sufuria.

Jirani wa dirisha la kushoto akamwinulia kidole gumba. "Leo umetisha, dada!"

Kisha madirisha yakafungwa. Embla akabaki ameshika ukingo wa dirisha lake, amesema siri yake mbele ya watu mia tano, na wote wamempigia makofi. Nani atamlaumu kwa kujihisi yuko peke yake duniani?

Kesho yake alasiri alikuwa jikoni anamenya karoti, maana alishasema jukwaani kwamba karoti ni bora kuliko biskuti, mara mama akapiga simu.

"Ukumbi nimeshapata," alisema Marita. "Ule wa chama cha wawindaji. Na keki ya mkate nimeagiza, ile ya chumvi inayopangwa kamba na samaki wa salmoni, ya watu arobaini. Shangazi yako Barbro anaandika hotuba."

"Arobaini, mama?"

"Nipunguze?"

"Hapana, hapana. Vizuri tu."

"Una hakika ni vizuri tu?"

"Vizuri kabisa, mama. Vizuri tu."

"Haya," mama akasema. Akakawia kukata simu, kama anayengoja kitu, kisha akaaga.

Embla aliweka simu mezani. Akaona ukumbi wa wawindaji, vichwa vya kulungu wakubwa wa kaskazini ukutani, shangazi Barbro amevaa miwani yake ya hotuba, na yeye mwenyewe katikati hana cheti wala uso wa kuwaangalia watu. Akafumba macho apumue ile pumzi ya kuhesabu aliyoifundisha mwenyewe. Alipofika tatu, ukelele ukamtoka. Haukuwa ule wa dirishani. Huu ulitoka mzito na mbaya, ukaenda koridoni kote, na mfuniko wa sufuria ukaanguka.

Ilikuwa saa kumi alasiri, wiki ya mitihani. Kimya cha mchana katika wiki ya mitihani kilikuwa amri ya korido nzima, na aliyeipendekeza amri hiyo kikaoni alikuwa Embla.

Milango ikafunguliwa mmoja mmoja. Watu wakachungulia, wakaona uso wake, na mmoja mmoja wakaifunga tena taratibu, kwa heshima. Mlango mmoja tu haukufungwa. Torkel, kijana anayesomea misitu aliyekaa chumba cha mwisho na ambaye katika miaka miwili walikuwa wamesemezana labda sentensi sita, akaja mpaka jikoni, amevaa soksi za sufu.

"Samahani," alisema. "Ni saa kumi."

"Najua ni saa kumi."

"Si saa nne."

"Torkel, najua kusoma saa!"

Torkel alifikiri. Halafu, badala ya kwenda zake, akafungua jokofu, akatoa makaroni yake ya jana na kipande cha soseji, akaweka kikaango motoni. Embla akajifuta pua kwa kitambaa cha vyombo.

"Umelala vizuri?" Torkel akamuuliza bila kugeuka.

"Nini?"

"Umekula? Umetembea msituni? Kuna mtu umemwambia?"

"Hayo ni maneno yangu hayo."

"Ndiyo. Nilikuja kukusikiliza mwaka wa kwanza. Nilisinzia. Sijapata usingizi mtamu kama ule tena."

Embla alicheka bila kutaka, na kicheko kikageuka kilio katikati ya njia. Akamwambia. Alimwambia ya mtihani, ya Februari, ya ukumbi na ya kamba na salmoni. Torkel alisikiliza huku akigeuza soseji.

"Jana usiku nilisikia," alisema mwishowe. "Tulisikia wote."

"Mkacheka."

"Walicheka wao. Mimi niliona si mzaha."

"Sasa mbona hukuja?"

Torkel akaona haya mpaka masikio yakawa mekundu. "Ilikuwa saa nne," alisema. "Saa nne mtu ana haki ya kupiga kelele. Haulizwi. Ukipiga saa kumi ndiyo mtu anajua una jambo."

Embla alimtazama sana. Alitaka kumkasirikia, akashindwa, kwa kuwa naye angefanya vivyo hivyo. Nyuma ya ukuta wake, chumba cha pili, palikuwa na msichana aliyelia Jumapili nzima, na Embla alikuwa amepita kwa kunyata kama wote.

"Mpigie mama," Torkel alisema.

"Nitampigia. Ngoja nipange kwanza nitakavyomwambia. Kesho asubuhi nina nafasi."

"Mpigie sasa. Mimi nipo hapa nakula." Akapakua makaroni sahani mbili, akaketi, akaanza kula kwa kelele, kama mtu aliyekusudia asisikie simu ya mwenzake.

Embla akapiga. Mama akapokea mlio wa kwanza tu. Akajikaza, akasema bila kujiremba.

"Mama, nimefeli. Mara tatu, mtihani uleule. Sihitimu Juni."

Upande wa pili pumzi ikavutwa ndani kwa haraka, fyu, kama mtu aliyeungua ulimi. Watu wa kule kaskazini hivyo ndivyo wanavyosema ndiyo. Hawapotezi sauti kwa jambo linalojulikana.

Embla alishika meza. "Ulikuwa unajua?"

Fyu.

"Tangu lini?"

"Februari," mama akasema. "Ulisema vizuri tu mara tatu kwenye simu moja. Mwanangu, wewe tangu uzaliwe hujawahi kuwa na siku nzuri mara tatu."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

Marita alipojibu, ile sauti yake ya kuagiza keki ilikuwa imekwisha kabisa.

"Nilikusikiliza kwenye video moja ya chuo, uko jukwaani. Ulisema mtu mwenye msongo asisukumwe, apewe nafasi mpaka aseme mwenyewe. Nikasema basi, binti yangu amesomea haya, anajua. Nikakupa nafasi. Februari, Machi, Aprili. Nimekaa hapa na nafasi yako, Embla, silali, sili, naogopa hata kukupigia. Mwezi huu nikachoka na hizo njia zenu za kiafya. Nikakuzulia sherehe."

"Ukanizulia?"

"Ukumbi hakuna. Keki hakuna. Barbro hajui lolote. Nilidhani nikitaja watu arobaini utasema. Ukaniambia vizuri tu. Leo nilikuwa natafuta bendi ya kukuzulia."

Torkel aliacha kutafuna. Embla alifungua mdomo amwambie mama yake kwamba kumbana mtu namna hiyo si sawa, kwamba wataalamu wote wanakataza, na akaona aibu kabla hajaanza. Miezi yote ile alikuwa akimwonea huruma mama kwa kutojua, kumbe mama alikuwa hajalala.

"Ungeniuliza tu, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Na wewe ungesema tu."

Kila mmoja akamsikia mwenzake anavyovuta kamasi. Kisha Marita akamuuliza kama amekula, na Embla akavuta sahani ya makaroni karibu.